Ua la Vinka: Lilitafutiwa Kisukari, Likatibu Saratani

Vinka haidai matunzo. Wauza miche wa kando ya barabara Dar es Salaam, Mombasa na Kampala wanaipenda kwa sababu haifi ovyo: huvumilia jua kali, mchanga wa pwani, hewa ya chumvi na mwenye nyumba anayesahau kumwagilia. Maua yake ya petali tano, ya rangi ya waridi au meupe yenye jicho jekundu, hayakatiki mwaka mzima. Mifugo nayo huiacha, maana majani yake ni machungu.

Uchungu huo ndio ulioifikisha hospitalini. Vinka, ambayo wataalamu wa mimea huiita Catharanthus roseus, hutoa vinkristini na vinblastini, dawa mbili ambazo wodi za saratani duniani zimezitegemea kwa miaka 60 na zaidi. Lakini walioanza kuzifuatilia hawakuwa wakitafuta dawa ya saratani. Walikuwa wakichunguza chai ya kisukari, chai ikawaangusha, na kilichowaonyesha njia ni panya waliokufa maabara. Anayeuliza kama ua hili ni dawa au ni sumu hana budi kuifuata habari yake tangu mwanzo, kwa sababu waliolichunguza hawakuwahi kuvitenganisha viwili hivyo.

Bukini na bustani za wafalme, 1658–1837

Jenasi ya Catharanthus ina spishi nane. Saba asili yake ni Madagaska peke yake, kisiwa ambacho wazee wa pwani walikiita Bukini. Ya nane ni ya Bara Hindi. Étienne de Flacourt, aliyekuwa gavana wa kituo cha Wafaransa cha Fort Dauphin, kusini mwa kisiwa, kati ya 1648 na 1655, aliukuta mmea huu tayari una kazi kwa wenyeji. Katika kitabu chake kuhusu Madagaska, kilichotoka mwaka 1658, aliueleza kuwa una ua mfano wa yasmini, jeupe au la zambarau, na mzizi mchungu mno ambao Wamalagasi waliutumia kama tiba na kama kinga ya sumu. Sifa hiyo ya mwisho inachekesha kidogo ukijua yaliyofuata.

Katika karne ya 18 mbegu zilifika kwenye bustani za mfalme wa Ufaransa, na kutoka huko zikamfikia Philip Miller, aliyekuwa akitunza bustani ya mitishamba ya Chelsea mjini London. Mwaka 1759 mtaalamu wa mimea Linnaeus aliuita mmea Vinca rosea, akiuweka ukoo mmoja na vinka ya Ulaya. Mwaka 1837 mtaalamu mwingine, George Don, aliutenga na kuupa jina la kitaalamu la sasa, ila watunza bustani hawakujali. Vinka ikabaki vinka.

Kilichofuata hakikuhitaji mtaalamu. Meli zilibeba mbegu kama pambo hadi visiwa vya Karibi, India, Ufilipino, Afrika Kusini na Australia, na mmea ukaruka ua wa bustani na kuwa magugu ya fukwe na viwanja vitupu. Popote ulipotua, watu waliuonja na kuupa kazi. Jambo la kushangaza ni kwamba katika nchi zilizotengana kwa bahari, kazi iliyotajwa mara nyingi ilikuwa moja: kutibu kisukari. Huenda uchungu wenyewe ndio uliowashawishi, kwa ile fikra ya kwamba kichungu hukata kitamu. Huku kwetu mwarobaini na shubiri hupewa wenye kisukari kwa hoja hiyohiyo.

Chai isiyopunguza sukari

Kabla ya mwaka 1922 mgonjwa wa kisukari kikali hakuwa na dawa. Madaktari walimpunguzia chakula hadi akabaki mifupa, nao walikuwa wakinunua muda tu. Katika hali hiyo, mmea wowote uliosemekana kushusha sukari ulipata wateja. Dondoo la vinka liliingia madukani Uingereza kwa jina la Vinculin, na madaktari walipolipima kwa wagonjwa hawakuona nafuu ya maana. Wakati huo insulini ilikuwa imeshapatikana Toronto, Kanada, na hoja ya chai ikaonekana imekwisha.

Haikwisha kwa maskini. Insulini ilikuwa ghali, ilihitaji sindano na mahali pa baridi pa kuitunzia, na vita vikuu vya pili vilipokata njia za meli ilikosekana kabisa mahali pengi. Jamaica na Ufilipino watu waliendelea kuchemsha majani. Kwa hiyo sifa ya vinka ilivuka hadi miaka ya 1950 ikiwa imebebwa na uhaba, si na ushahidi. Nalisema hili kwa sababu uhaba ungali unaibeba hadi leo.

Majani ndani ya bahasha, 1952–1958

Mwaka 1921, Frederick Banting alipoanza majaribio yake ya insulini Toronto, alipewa wanafunzi wawili wa kumsaidia, Charles Best na Clark Noble. Wawili hao walirusha sarafu kuamua nani aanze. Best alishinda, akaingia katika historia ya tiba. Noble akawa daktari wa kawaida asiyejulikana sana.

Ni huyo Clark Noble ambaye mwaka 1952 alipokea bahasha kutoka Jamaica. Daktari mmoja wa huko, Johnston, alikuwa amemtumia majani kiasi cha 25 ya vinka pamoja na maelezo kwamba watu wa kisiwani huyanywa kama chai wanapokosa insulini. Clark aliyapeleka kwa mdogo wake Robert, mtafiti katika Chuo Kikuu cha Western Ontario. Maabara aliyofanyia kazi Robert ilikuwa ya James Collip, mkemia aliyesafisha insulini ya kwanza kufaa kwa binadamu. Ukiangalia nasaba hii utaona kwa nini majani yale hayakutupwa: yaliangukia mikononi mwa watu waliokuwa karibu na historia ya insulini.

Robert Noble alianza palepale ambapo yeyote angeanzia. Aliwanywesha panya maji ya majani na kupima sukari ya damu. Hakuna kilichobadilika. Akajaribu kuwadunga dondoo kali zaidi, na baada ya takriban wiki moja panya wakaanza kufa, wamejaa majipu ya vijidudu ambavyo mwili wenye afya huvimudu.

Hapo ndipo penye kiini cha habari yote. Mtafiti mwenye haraka angeandika kwamba dondoo ni sumu, haishushi sukari, akafunga daftari, na wala asingekuwa amesema uongo. Noble aliuliza panya hawa wamekufa kwa nini hasa. Damu yao ilionyesha kuwa chembe nyeupe, ambazo ndizo askari wa mwili dhidi ya vijidudu, zilikuwa zimeshuka mno, na uboho unaozizalisha ulikuwa umelemazwa. Kisukari kikawekwa kando. Swali jipya likawa hili: lukemia ni saratani ambayo chembe nyeupe huzaliana bila kikomo, na hapa kuna kitu kinachozizima; je, hakiwezi kuidhibiti?

Mwaka 1954 Charles Beer, mkemia aliyetoka Uingereza, alijiunga naye. Kazi ya Beer ilikuwa ya kuchosha, maana jani la vinka lina alkaloidi, yaani kemikali chungu za mimea, zinazopita mia moja, na ile waliyoitaka ilikuwemo kwa kiasi kidogo sana. Aliitenga na kuifanya fuwele, ikaitwa vinblastini. Waliitangaza mwaka 1958 mbele ya Chuo cha Sayansi cha New York, na katika kichwa cha maandiko yao walikiri wenyewe mchango wa bahati. Mimi naona walijinyima haki. Bahati ilileta bahasha. Uamuzi wa kupima damu ya panya aliyekwisha kufa haukuwa wa bahati.

Indianapolis na dawa ya pili, 1957–1963

Wakati huohuo kampuni ya dawa ya Eli Lilly, Indianapolis, Marekani, ilikuwa ikipima mimea iliyosifiwa na waganga wa mataifa mbalimbali. Gordon Svoboda aliingiza vinka katika orodha, naye pia kwa sababu ya habari za kisukari kutoka Ufilipino. Mwenzake Irving Johnson aliwapa dondoo panya wenye lukemia, na panya wakaishi muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa. Makundi haya mawili, moja la chuo na moja la kampuni, yalifikia sehemu moja kwa njia mbili bila kujuana, kisha yakashirikiana.

Svoboda alitoa alkaloidi ya pili, vinkristini, ambayo Marekani iliidhinisha mwaka 1963. Kikemia zinatofautiana kwa kipande kidogo tu cha molekuli, lakini mwilini kila moja ina tabia yake: vinblastini huukandamiza zaidi uboho, vinkristini huusumbua zaidi mfumo wa neva.

Namna zinavyofanya kazi ilieleweka baadaye. Chembe inapotaka kugawanyika hujenga nyuzi za protini iitwayo tubulini, ambazo huvuta kromosomu upande huu na upande ule kama kamba za wavuvi wanaokokota jarife kutoka pande mbili. Alkaloidi za vinka huishika tubulini ili nyuzi zisijengeke. Chembe hukwama katikati ya kugawanyika na kufa. Zinazoumia kwanza ni zile zinazogawanyika upesi, na za saratani zimo humo; lakini zimo pia za uboho, za utumbo na za mizizi ya nywele. Neva nazo zina nyuzi za aina hiyohiyo za kusafirishia vitu ndani yake, na ndiyo sababu mgonjwa hufa ganzi vidole. Kwa maneno mengine, kilichowaua panya wa Noble na kinachomponya mtoto mwenye lukemia ni kitu kimoja. Hakuna namna ya kuchukua kimoja ukaacha kingine. Kuna kipimo, na njia ya kuingizia mwilini, basi.

Kabla ya hapo mtoto aliyepata lukemia kali alikuwa wa kuzikwa baada ya miezi. Mwaka 1962 Emil Frei na Emil Freireich, katika Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, walithubutu kuchanganya dawa nne kwa wakati mmoja, vinkristini ikiwa mojawapo. Madaktari wenzao waliwaona wakatili. Donald Pinkel wa hospitali ya St. Jude, Memphis, aliendeleza mpango huo mwaka baada ya mwaka, na kufikia karibu 1970 nusu ya watoto wake walikuwa wakipona. Leo katika nchi tajiri wanapona karibu tisa katika kila kumi. Vinkristini haijaondoka katika mpango huo.

Mulago

Afrika Mashariki haikukaa pembeni. Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliitwa kumwangalia mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Baada ya kukusanya wagonjwa wengine wa namna hiyo alichapisha maelezo yake mwaka 1958, mwaka uleule vinblastini ilipotangazwa New York. Mwaka 1961 alifunga safari ya gari ya maili 10,000 na wenzake wawili hadi kusini mwa Afrika, akiingia hospitali moja baada ya nyingine kuuliza kama wameuona uvimbe huo.

Limfoma ya Burkitt, kama saratani hiyo ilivyokuja kuitwa, hukua kwa kasi ya kutisha. Taya hubadilika umbo ndani ya siku chache. Kisu cha mpasuaji hakiiwezi. Lakini kasi hiyohiyo huifanya iwe dhaifu mbele ya dawa inayoshambulia chembe zinazogawanyika. Burkitt alizijaribu dawa mpya za saratani, vinkristini ikiwemo, na akaona uvimbe ukiyeyuka.

Mwaka 1967 kituo cha kutibu limfoma kilifunguliwa Mulago kwa ushirikiano wa Makerere na Wamarekani, kikiongozwa na John Ziegler. Ndicho kilichokuja kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Majaribio yaliyofanyika pale, ya kuunganisha siklofosfamaidi, vinkristini na methotreksati, yalisomwa na kuigwa mbali sana na Kampala. Utawala wa Idi Amin ulipowafukuza wageni mwaka 1972, daktari Mganda Charles Olweny alibaki na taasisi, akaiendesha katika miaka ambayo hata dripu ilikuwa anasa. Habari za vinka zinaposimuliwa Ulaya, sura hii hurukwa, ilhali watoto wa Kampala ni miongoni mwa walioonyesha mapema kwamba saratani inaweza kuponywa kwa dawa bila upasuaji.

Sindano isiyosamehe

Vinkristini huingia kwenye mshipa wa damu, na hapo tu. Ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama, kwa hiyo muuguzi mzoefu haondoi jicho kwenye mkono wa mgonjwa. Kipimo hufuata ukubwa wa mwili, na wahudumu wengi hawavuki miligramu 2 kwa dozi moja, hata mtu awe mkubwa vipi. Mgonjwa hupoteza nywele, hufunga choo, huhisi ganzi na kuchomachoma miguuni; wengine hushindwa kuinua nyayo wakitembea. Baadhi ya dawa za fangasi, kama itrakonazoli, huzuia ini kuivunja, na dozi ya kawaida ikageuka kubwa kupita kiasi.

Kosa la kutisha kuliko yote lilitokana na mazingira ya kazi. Katika tiba ya lukemia, siku moja mtoto anaweza kupewa vinkristini kwenye mshipa na methotreksati kwenye uti wa mgongo. Mabomba mawili ya sindano, meza moja, mgonjwa mmoja. Katika nchi mbalimbali ilitokea vinkristini ikadungwa mgongoni, na karibu wote waliofanyiwa hivyo walikufa baada ya siku za mateso. Maonyo kwenye lebo hayakutosha. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari na kushauri dawa hiyo itiwe kwenye mfuko mdogo wa dripu badala ya bomba la sindano, kwa kuwa hakuna mtu anayeweza kutundika mfuko mgongoni kwa bahati mbaya.

Sasa mrudie yule anayechemsha majani nyumbani. Hajui jani lake lina kiasi gani cha alkaloidi, maana hubadilika kwa udongo, umri wa mmea na msimu. Akinywa kidogo, huenda asipate chochote, kama panya wa kwanza wa Noble. Akinywa nyingi anaweza kutapika, kushuka presha, na chembe nyeupe zake zikapungua bila yeye kuhisi mpaka maambukizi yamwangushe. Akiwa tayari anatumia vidonge vya kisukari, akajumlisha na chai, hawezi kujua sukari yake inashushwa na nini. Mjamzito asiiguse kabisa, kwa sababu chembe za mtoto aliye tumboni nazo hugawanyika upesi sana. Na mgonjwa wa saratani anayeambiwa kwamba chai ya vinka ni "ile ile dawa ya hospitali, ila ya asili" anadanganywa: kwa gramu 1 ya vinblastini huhitajika takriban kilo 500 za majani makavu, na kwa gramu 1 ya vinkristini takriban kilo 2,000. Hakuna sufuria ya ukubwa huo. Kuipanda mlangoni, kuipalilia na kuipogoa hakuna ubaya. Mtoto mdogo tu asiachwe kutafuna majani yake.

Deni la Madagaska, 1992 hadi hamira

Dawa hizi ziliingiza mamilioni ya dola. Madagaska, kwao mmea, haikupata mgawo wa hataza wala wa faida. Ulipofika mkutano wa Rio mwaka 1992, ambako Mkataba wa Bayoanuwai ulifunguliwa kutiwa saini, vinka ilikuwa imeshakuwa mfano unaotajwa kila penye mjadala wa mali ya asili ya nchi maskini. Nchi zikakubaliana kwamba anayechukua kiumbe cha nchi nyingine aombe ruhusa na agawane faida. Itifaki ya Nagoya ya 2010 ikakaza masharti hayo.

Mfano wenyewe, hata hivyo, ni mgumu kuliko unavyosimuliwa. Majani ya Noble yalitoka Jamaica. Svoboda aliongozwa na habari za Ufilipino. Mmea ulikuwa umezagaa katika nchi za joto kwa miaka mingi, na maarifa ya Wamalagasi hayakuhusu lukemia. Nani basi angelipwa? Hilo halifuti dhuluma, linaonyesha tu kwamba sheria ilichelewa na ikakuta njia zimeshachanganyika. Kinachojulikana bila ubishi ni kwamba wakulima na wachumaji wa Androy, eneo kame la kusini mwa Madagaska linaloandamwa na njaa, wameuza mizizi na majani ya vinka kwa miaka mingi kama malighafi, wakati thamani inaongezwa kwingine.

Utegemezi huo wa majani umekuwa na hatari hata kwa matajiri. Mwaka 2019 kampuni ya Teva iliacha kutengeneza vinkristini, Marekani ikabaki na mtengenezaji mmoja, Pfizer, na hospitali za watoto zikaanza kuhesabu chupa. Wanasayansi walikuwa tayari njiani. Mwaka 2018 kundi la Sarah O'Connor, Uingereza, lilikamilisha kuzitambua hatua ambazo mmea hufuata kujenga vinblastini. Mwaka 2022 kundi la Jay Keasling, California, lilipandikiza hatua hizo, 30 hivi, ndani ya hamira, na hamira ikatoa malighafi mbili ambazo mkemia huziunganisha kuwa vinblastini. Bado ni kiasi kidogo cha maabara. Ikifika kiwandani, mchumaji wa Androy atakuwa na swali jipya la kuiuliza Itifaki ya Nagoya.

Kipimo cha Eldoret

Dozi zinazotumika duniani zilipangwa kwa watoto wa Marekani katika miaka ya 1960. Katika hospitali ya rufaa ya Moi, Eldoret, madaktari wa Kenya na wenzao wa Indiana, jimbo ambako vinkristini ilizaliwa, waliona kwamba watoto wao walipata ganzi na maumivu ya neva kwa nadra. Walipima damu na jeni zao, na mwaka 2018 wakachapisha walichokiona: takriban tisa kati ya kumi ya watoto hao walikuwa na kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP3A5 kinachofanya kazi kwa nguvu, na hicho huivunja vinkristini upesi. Watu wengi wenye asili ya Ulaya hawana kimeng'enya hicho kwa kiwango hicho.

Kama mwili unaiondoa dawa mapema, kukosa madhara si habari njema peke yake. Huenda saratani nayo inapata dawa pungufu. Je, mtoto wa Eldoret anahitaji dozi kubwa kuliko iliyoandikwa kwenye miongozo, na kubwa kwa kiasi gani kabla haijamdhuru? Ni swali lilelile lililoanzia kwenye vizimba vya Noble, na safari hii linaulizwa Kenya, kwa watoto wa Kenya.